Saini ya Mwaka 1792: Nani Aliagiza Misa ya Wafu ya Mozart?

Katika maktaba ya taifa ya Austria, mjini Vienna, imetunzwa hati ya nota ambayo ukurasa wake wa kwanza una saini hii: "di me W: A: Mozart mpr. 792". Maana yake: imetungwa nami, W. A. Mozart, kwa mkono wangu mwenyewe, mwaka 1792. Herufi zinafanana na za Mozart. Nota zilizo chini yake, kwenye kurasa zile za mwanzo, kweli ni mwandiko wake. Ila Mozart alifariki tarehe 5 Desemba 1791, saa saba kasoro dakika tano usiku.

Marehemu hatii saini. Kwa hiyo kuna mtu aliyeiga mkono wake, akakosea mwaka, na kosa hilo dogo ndilo uzi ninaotaka tuuvute. Si kisa cha mauaji, ingawa watu wamekilazimisha kiwe hivyo kwa zaidi ya miaka 200. Mimi naimba besi kwenye kwaya ya parokia, na hadithi ya mgeni wa ajabu aliyemwagizia Mozart misa ya kifo chake mwenyewe nilihadithiwa nikiwa kijana, nami nikawahadithia wengine. Leo naisimulia kwa namna nyingine, kwa sababu ukweli wake una uzito zaidi kuliko ule uvumi kwamba Mozart aliuawa kwa sumu.

Turudi kiangazi cha 1791. Mozart alikuwa na miaka 35, ana madeni, na mkewe Constanze alikuwa mjamzito. Mtoto wao Franz Xaver alizaliwa tarehe 26 Julai. Kazi zilikuwa zimemlundikia. Rafiki yake Emanuel Schikaneder alikuwa anasubiri opera ya Kijerumani kwa ajili ya jukwaa lake nje ya kuta za mji, Die Zauberflöte, yaani Filimbi ya Ajabu. Mara likaja agizo jingine kutoka Prague: opera ya Kitaliano, La clemenza di Tito, ya kusherehekea kutawazwa kwa Leopold II kuwa mfalme wa Bohemia, na ilitakiwa iwe tayari mwanzoni mwa Septemba.

Katikati ya pilikapilika hizo akaja mtu asiyejulikana, mkononi ana barua isiyo na jina. Je, Mozart angekubali kutunga Misa ya Wafu, kwa bei gani, na ingekamilika lini? Mozart alishauriana na mkewe, akakubali. Sehemu ya malipo ikatolewa mbele. Sharti likawa moja: asijisumbue kumtafuta mwenye agizo, kwa sababu hatampata. Haya tunayapata kwa Franz Niemetschek, mwalimu wa Prague aliyeandika maisha ya Mozart mwaka 1798 baada ya kuzungumza na Constanze. Anaeleza pia kwamba siku Mozart na mkewe walipokuwa wanapanda gari la farasi kwenda Prague, mjumbe yule akatokea tena ghafla, akamvuta Constanze nguo na kuuliza: sasa ile misa itakuwaje?

Tito ikaimbwa Prague tarehe 6 Septemba. Filimbi ya Ajabu ikafunguliwa Vienna tarehe 30 Septemba, na watu wakaijaza nyumba usiku baada ya usiku. Ndipo Mozart akarudi kwenye misa. Afya ikaanza kuyumba. Constanze anakumbukwa akisema kwamba siku moja, wakiwa wameketi kwenye bustani ya Prater, mume wake alimwambia kwa machozi kwamba anajiandikia misa yake mwenyewe, na kwamba anahisi amelishwa sumu. Kuanzia tarehe 20 Novemba hakuinuka tena kitandani.

Kuna jioni moja ya mwisho ambayo siwezi kuipita haraka. Imesimuliwa kwa jina la Benedikt Schack, mwimbaji wa teno aliyekuwa wa kwanza kuimba nafasi ya Tamino katika Filimbi ya Ajabu. Inasemekana siku moja kabla ya kifo, Mozart aliomba aletewe nota za misa kitandani. Schack akashika soprano kwa sauti ya juu ya bandia. Mozart mwenyewe akaimba alto. Franz Hofer, shemeji yake, akaimba teno. Mke wa Hofer ndiye aliyekuwa Malkia wa Usiku katika opera ile ile. Besi ilikuwa ya Franz Xaver Gerl, aliyeimba nafasi ya Sarastro humo humo. Watu wa opera iliyokuwa inajaza jukwaa kila wiki wamezunguka kitanda cha mgonjwa, wanapitia misa ya mazishi ukurasa kwa ukurasa. Walipofika mwanzo wa Lacrimosa, sehemu ya misa inayoimba siku ya machozi, Mozart akalia, akaiweka hati pembeni. Lacrimosa aliyoiacha ina vipimo vinane tu, yaani baa nane za nota. Kila kwaya yetu inapofika hapo, mwongozaji hutuambia tusiongeze sauti mapema, na kila mara nawaza wanaume wale wanne.

Sasa tuwaangalie washukiwa.

Jina ambalo kila mtu analo mdomoni ni Antonio Salieri, mwongozaji wa muziki wa kifalme. Uvumi kwamba alimtilia Mozart sumu ulipamba moto miaka ya 1820, Salieri akiwa mzee na mgonjwa hospitalini. Mwaka 1823 mwanafunzi wake wa zamani, Ignaz Moscheles, alikwenda kumtazama, na Salieri akamwapia kwamba habari hizo si za kweli. Uvumi haukukoma. Mwaka 1898 ukapandishwa hata jukwaani Moscow, katika opera ya Rimsky-Korsakov.

Ukiupima kwa vitu vilivyoandikwa mwaka wenyewe wa 1791, hauna miguu. Ile opera ya Prague aliombwa kwanza Salieri, akakataa kwa sababu ya kazi nyingi, na ndivyo ilivyomfikia Mozart. Tarehe 13 Oktoba, Mozart alimchukua Salieri pamoja na mwimbaji Caterina Cavalieri kwa gari, akawapeleka kutazama Filimbi ya Ajabu. Kesho yake akamwandikia Constanze barua ambayo ipo hadi leo: Salieri alisikiliza na kutazama kwa makini tangu utangulizi mpaka kiitikio cha mwisho, na hakuna kipande ambacho hakikumtoa "bravo" au "bello". Mtu anayemshuku mwenzake haandiki hivyo. Tena baadaye yule mtoto Franz Xaver alisomeshwa muziki na Salieri huyo huyo. Mama anayeamini kwamba huyu ndiye aliyemwondoa mume wake hampeleki mwanawe kwake akafundishwe. Kitabu cha vifo kilitaja homa kali ya vipele, na kwangu mimi mlango wa mauaji unafungwa hapo.

Unabaki mlango wa mgeni. Aliyemtuma alikuwa nani, na kwa nini alijificha?

Mozart alikuwa na rafiki mfanyabiashara, Michael Puchberg, ndugu yake katika chama cha Wamasoni, ambaye mara kwa mara alimkopesha fedha. Puchberg aliishi Hoher Markt, katikati ya Vienna, kwenye nyumba ya kabaila mmoja kijana aliyeitwa Franz von Walsegg. Walsegg mwenyewe alikaa zaidi kwenye ngome yake ya Stuppach, karibu na Gloggnitz, chini ya milima ya Semmering. Tarehe 14 Februari 1791 alifiwa na mkewe Anna, binti wa miaka 20. Walsegg alikuwa na miaka 28. Hakuoa tena. Alitaka kumkumbuka mkewe kwa vitu viwili: kaburi la heshima lililochongwa na msanii wa Vienna, Johann Martin Fischer, na Misa ya Wafu ya kuimbwa kila mwaka siku aliyofariki.

Mpaka hapo ni mjane mwenye huzuni na uwezo. Lakini kwa nini alifiche jina? Jibu liliandikwa na mwalimu wa shule.

Anton Herzog, alipokuwa kijana, aliajiriwa kwenye shule zilizokuwa chini ya Walsegg, na alikuwa miongoni mwa wapigaji wa muziki pale ngomeni. Mwaka 1839, mtu mzima na mwalimu mwenye cheo, aliandika maelezo marefu aliyoyaita historia ya kweli na kamili ya Misa ya Wafu ya Mozart. Wakuu hawakuruhusu yachapishwe. Karatasi zikalala Wiener Neustadt, mpaka Otto Erich Deutsch, mtafiti wa maisha ya Mozart, alipozitoa hadharani mwaka 1964. Kwa hiyo kwa miaka 125 dunia ilikuwa inabishana kuhusu sumu, na jibu limekaa kabatini.

Herzog anatuingiza ndani ya nyumba. Kila Jumanne na Alhamisi, kabaila aliwakusanya watu wake wapige muziki wa nyuzi, mara nyingine kwa saa tatu mfululizo. Yeye mwenyewe alipiga selo, na ala za kupuliza kama filimbi. Muziki mpya ulihitajika daima, basi alikuwa na mazoea ya kuwaagiza watunzi wamtungie, akiwalipa vizuri, kwa sharti kwamba kazi ibaki kwake peke yake. Kazi ikifika, aliinakili yote kwa mkono wake, kisha akawapa wapigaji nakala hiyo. Nota za mtunzi hawakuziona kamwe. Baada ya kupiga aliwauliza: mnadhani ni ya nani hii? Kwa kawaida walijibu: ni ya kwako, bwana mkubwa. Naye alitabasamu, akafurahi kwamba amewazuga.

Hawakuzugika. Herzog anasema walicheka wakiwa peke yao. Walikuwa vijana, na waliona ni raha isiyodhuru mtu wanayompa bwana wao.

Sehemu hiyo nimeisoma mara nyingi, kwa sababu sisi wa kwaya tunaujua mkono unaonakili. Kabla ya mashine za kopi kuenea, nyimbo zetu zilisafiri kutoka parokia hadi parokia kwenye madaftari ya sol-fa yaliyonakiliwa kwa kalamu. Ukinakili wimbo mzima, sauti zote nne, usiku kucha, asubuhi unauhisi ni wako. Nimeona majina ya watunzi yakipotea njiani hivyo, na nimeona mengine yakibadilishwa, na mtunzi wa kweli akaja kuusikia wimbo wake una jina la mtu mwingine. Yaliyomtokea mtunzi yule hayakuwa mzaha hata kidogo.

Misa ilipofika Stuppach, Walsegg alifanya alivyozoea. Aliinakili, akampa mpigaji wake wa fidla, Benaro, kipande kwa kipande, aandike nota za kila sauti na kila ala. Herzog na wenzake walikaa kwa saa nyingi pembeni ya Benaro wakiitazama kazi hiyo ikikua. Walikuwa wanajua ni ya nani. Walijua kupitia kwa Leitgeb, msimamizi wa mambo ya kabaila, ambaye alitakiwa kulipa ujira wa misa hiyo kutoka kwenye ghala la jasi la Vienna. Walsegg alikuwa na machimbo ya jasi, na fedha ya Misa ya Wafu ya Mozart ilitoka kwenye mauzo ya jasi. Mjumbe aliyesimuliwa kama malaika wa mauti alikuwa mtu wa mahesabu ya ghala, au mwingine aliyetumwa na wakili wa kabaila. Siri iliyoitikisa Vienna ilikuwa mazungumzo ya kawaida ya wapiga fidla na walimu wa kijijini, ila hakuna aliyewauliza.

Tarehe 14 Desemba 1793, katika kanisa la abasia ya watawa Wasistersia mjini Wiener Neustadt, Walsegg aliongoza misa hiyo mwenyewe kwa kumwombea mkewe. Juu ya nakala yake iliandikwa kwamba imetungwa na Conte Walsegg, yaani kabaila Walsegg. Aliirudia tarehe 14 Februari 1794, siku ya kumbukumbu ya Anna, katika kanisa la Maria Schutz kule Semmering.

Alichokuwa hajui ni kwamba Vienna ilikwisha kuisikia. Tarehe 2 Januari 1793, karibu mwaka mzima kabla yake, Baron van Swieten, mfadhili wa Mozart, alikuwa ameandaa onyesho la misa hiyo katika ukumbi wa Jahn ili kumchangia Constanze na watoto. Kabaila alimficha mtunzi, na mjane wa mtunzi naye alikuwa na siri yake.

Hapa wachambuzi wengi humkaba Constanze, nami siwafuati. Jiweke mahali pake Desemba 1791. Ana miaka 29, mtoto mmoja wa miaka saba na mwingine wa miezi minne, mume amekufa bila kuacha akiba. Juu ya meza ipo kazi ambayo sehemu ya fedha yake imekwisha kuliwa. Mwagizaji akijua kwamba Mozart hakuimaliza, anaweza kukataa kulipa kilichobaki, na hata kudai alichotoa. Posho ya kifalme, florini 266 na kreuzer 40 kwa mwaka, haikupatikana mpaka Machi 1792, baada ya kuomba na kujieleza.

Akamwita kwanza Joseph Eybler, mtunzi hodari ambaye Mozart alimwamini. Tarehe 21 Desemba Eybler akaandika hati ya kupokea kazi, akaanza kujaza sehemu za ala kwa uangalifu, akaendelea mpaka kwenye Lacrimosa ile iliyokatika, akaandika vipimo viwili vya soprano, akasimama. Akairudisha. Ndipo kazi ikamwangukia Franz Xaver Süssmayr, kijana wa miaka 25 aliyekuwa karibu na Mozart miezi ile ya mwisho.

Alichokuta mezani kilikuwa hivi. Sehemu ya kwanza, ya kuingilia, ilikuwa imekamilika. Kyrie ilikuwa karibu. Kuanzia Dies irae kwenda mbele, pamoja na sehemu za matoleo, Mozart alikuwa ameandika sauti za waimbaji, besi ya chini yenye tarakimu zake, na hapa na pale kidokezo cha fidla au tromboni. Lacrimosa vipimo vinane. Sanctus, Benedictus na Agnus Dei hazikuwepo kwa mkono wake, na mwaka 1800 Süssmayr alimwandikia mchapishaji kwamba hizo alizitunga yeye upya. Wapo wasioamini kwamba alizitoa kichwani mwake peke yake. Mimi, kwa masikio ya mwimba besi, nausikia mkono wa Mozart kwenye Agnus Dei, lakini sikio si ushahidi.

Mwandiko wa Süssmayr ulikuwa unafanana sana na wa mwalimu wake. Kwa hiyo mpango ukawa mwepesi: kurasa za mwanzo zilizokuwa za Mozart kweli ziliwekwa juu, zilizobaki Süssmayr aliziandika upya zote kwa mkono wake, na kwenye ukurasa wa kwanza ikatiwa saini. Kazi iliisha mwaka 1792. Aliyetia saini akaandika mwaka aliokuwa anaishi ndani yake, kama sisi sote tunavyofanya bila kufikiri.

Kabla hati haijaenda Stuppach, nakala zilibaki Vienna, na Constanze akamuuzia moja mfalme wa Prussia. Mwaka 1800 Breitkopf & Härtel wa Leipzig wakachapisha misa nzima kwa jina la Mozart. Walsegg alipoona hivyo ilimbidi ajitokeze, kupitia kwa wakili wake Johann Sortschan, kudai haki ya kitu alichokilipia. Walikaa chini kwa wakili huyo: upande wa Constanze ukawa na Georg Nissen, Mdenmark aliyekuja kumwoa baadaye, na padre Maximilian Stadler, ambaye aliipitia hati akionyesha ipi ni ya Mozart na ipi ya Süssmayr. Kabaila akatulizwa kwa nakala za kazi nyingine za Mozart. Kesi haikufika mahakamani.

Walsegg alifariki mwaka 1827, na hati yake ikapita mikononi mwa warithi na watumishi mpaka mwaka 1838 ilipoingia maktaba ya Vienna. Shangwe ikawa kubwa: imepatikana ya Mozart mwenyewe, nzima, na saini juu! Kisha mtu akauangalia mwaka. Wakatafutwa waliokuwa bado hai, Constanze akiwa mmoja wao, huko Salzburg. Mwandiko wa Süssmayr ukaletwa kutoka kwenye kazi zake nyingine, ukawekwa kando ya hati, na herufi zikalinganishwa moja moja. Kwa uchunguzi huo wa kalamu saini ilitambulika kuwa si ya Mozart.

Rasimu za Mozart mwenyewe, zile alizoziacha kitandani, zilifika maktaba hiyo hiyo kwa njia nyingine: nusu kutoka kwa Stadler, nusu kutoka kwa Eybler, aliyezitoa mwaka 1833 baada ya kupatwa na kiharusi akiwa anaongoza misa hii hii ambayo ujanani ilimshinda. Mwaka 1958 zilipelekwa Brussels kwenye maonyesho ya dunia. Huko, mtu fulani alipata nafasi ya kuifikia hati, akachana pembe ya chini ya ukurasa mmoja. Kipande hicho kilikuwa na maneno "Quam olim d: C:", maelekezo ya Mozart kwamba waimbaji warudie sehemu ya Quam olim tangu mwanzo. Wapo wanaoamini kwamba hayo ni kati ya maneno ya mwisho kabisa aliyoyaandika. Aliyekichana hajapatikana, wala kipande chenyewe, na safari hii hapakuwa na Herzog aliyekaa pembeni akiona.